Betri Niliyoiziba kwa Nta

Masama, alasiri

Mwanangu Aikande,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi. Hali yako nimeiona asubuhi ulipokula machalari ya ndizi mpaka ukakwangua bakuli, na jana niliiona pia ulipokaa mbele ya baba yako mkubwa ukasema safari utaiahirisha. Ulidhani sikusikia. Ni kweli, sikusikia, betri ya mashine ya masikio iliniishia tangu wazee walipokuwa wanasali. Lakini nina miaka zaidi ya thelathini nikisoma midomo ya watu, na wako ndio ninaousoma hata bila kuutafuta. "Basi, nitaahirisha kwanza." Ndivyo ulivyosema. Thubutu! Huahirishi kitu.

Sasa hivi umekwenda Moshi mjini kununua begi, nami nimekaa mezani na daftari lako la zamani. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo, ila najua tutabishana, na tukibishana wewe hunishinda kwa sababu unaongea haraka makusudi. Usikatae. Tangu darasa la tano ukiona unashindwa unaongeza mwendo ili mama aachwe nyuma. Leo naongea mimi, na karatasi hainikatizi.

Habari za sweta, soksi na kutotembea na nywele mbichi kwenye baridi ya Ujerumani sitaziandika. Shangazi zako wameshakujaza kichwa. Mimi nina jambo moja tu, na ni baya, kwa hiyo nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia. Univumilie.

Kwanza nimalizie ya kikao cha jana. Baba yako mkubwa alisimama na kata ya pombe ya mbege mkononi, akasema, nilimwona vizuri kabisa: "Baba wa huyu mtoto hayupo. Mama hasikii. Mtoto akienda huko, mfereji wa mfongo ukipasuka usiku nani atamwambia? Mtu akibisha hodi?" Wazee wakatikisa vichwa. Alisema kwa upendo, simlaumu, tangu marehemu baba yako atutoke amekuwa akituangalia. Lakini niliona uso wako ulivyolegea. Nilikuona kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Hapo ndipo niliposhtuka. Wewe unaogopa kwenda, mwanangu, na umepata sababu nzuri ya kubaki, yenye heshima, ambayo hakuna atakayeipinga. Sababu yenyewe ni mimi. Nakataa kuwa sababu yako. Nakataa kabisa. Nilishawahi kuwa sababu hiyo mara moja, na ndilo jambo lenyewe.

Unajua nilivyopoteza masikio. Nilikuwa na miaka kumi na moja, homa ikanikamata, nikachomwa sindano siku nyingi mfululizo. Sindano zikaniokoa, zikachukua masikio. Nimeishi hivyo nikakua, nikaolewa, nikakuzaa. Sauti yako ya kwanza niliisikia kwa kifua, nilipokulaza hapa ukawa unalia nikahisi mtetemo. Ulikuwa na miaka sita wageni walipokuja kupima masikio hospitalini, nikapewa mashine hizi mbili na pakiti za betri, zile ndogo za duara zenye kibandiko mgongoni.

Siku ile nilikusikia ukiniita "mama." Sikujua una sauti nzito hivyo. Baba yako alikuwa hai bado, akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu nilikuambia, "Kumbe unaongea kama dereva wa lori."

Basi, wewe unanijua. Maharage ya kesho mimi nayachambua leo. Nikitaka kupika ndizi kesho, leo nimeshazipanga kwa ukubwa. Nilipofika nyumbani na zile pakiti, nikaona usumbufu gani huu wa kubandua kibandiko kila wiki? Nikakaa barazani nikabandua vibandiko vyote, betri zote, pakiti zote, nikazipanga kwenye kopo la chai kama vifungo. Nikajisifu. Wiki mbili baadaye nachukua betri ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Kopo zima limekufa. Yesu wangu! Nililia kama mtu aliyefiwa, nikatembea mpaka hospitali kuwalaumu kwamba wamenipa betri mbovu.

Muuguzi alicheka, halafu akanieleza. Betri hizi zinavuta hewa. Nyuma kuna vitundu vidogo mno, na kibandiko kimeviziba. Ndani kuna unga wa zinki. Ukibandua, hewa inaingia, oksijeni iliyomo inakutana na zinki, na hapo ndipo umeme unapotoka. Ikishaanza kuvuta hewa inajitumia, uitumie usiitumie. "Ukiinyima hewa," akasema, "haifanyi kazi." Nilikaa nikikodoa macho. Hewa! Hii hii ya bure. Niliporudi nilikueleza wewe, mtoto wa miaka sita, nawe ukaishika ile betri karibu na pua yako uone kama inapumua.

Nakuandikia haya unayoyajua kwa sababu nataka uone vizuri nilivyojua. Nilijua kabisa.

Mashine ilinisaidia, ila haikuniponya woga. Watu wengi wakiongea pamoja bado nilikuwa naokota maneno mawili matatu, na sikutaka wajue. Nikajifunza kutikisa kichwa. Mtu akisema kitu akaniangalia, mimi natikisa: ndiyo, ndiyo. Baada ya mazishi ya baba yako walikaa kikao, mbele ya nyumba pale, watu wamejaa, wewe umelala kwa bibi yako. Baba yako mkubwa akaniuliza kitu. Nikatikisa kichwa. Akauliza tena, nikatikisa tena, nikatabasamu na kutabasamu. Kesho yake asubuhi natoka nje nakuta vijana wameingia na mapanga kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, wanang'oa mibuni. Ile aliyoipanda baba yako kwa mkono wake, mstari mzima kando ya mfongo. Nikapiga kelele. Baba yako mkubwa akashangaa kweli: "Shemeji, si ulikubali mwenyewe jana tuing'oe tupande migomba? Mara mbili nimekuuliza." Na ni kweli. Mara mbili.

Hilo lina maana kwako huko uendako. Utakaa na watu wanaoongea kwa lugha ambayo bado hujaizoea, mambo ya maabara, haraka haraka, na wote watakuangalia. Utatamani kutikisa kichwa. Usitikise. Sema, "Sijaelewa, rudia." Waone wewe ni mjinga, potelea mbali. Mimi nilitaka kuonekana nasikia, nikapoteza mibuni ya mume wangu.

Haya. Nimezunguka vya kutosha.

Ulimaliza darasa la saba ukafaulu, barua ikaja ya shule ya bweni. Ile ya wasichana, ya sayansi, mkoa wa mbali. Mwalimu mkuu aliileta mwenyewe mpaka hapa kwa miguu. Kijiji kizima kikaja kukupongeza, shikamoo zikajaa uani, na mimi nikawapikia. Na wakati wote ule nilikuwa nasema moyoni: nitabaki na nani?

Kwa sababu mwanangu, wewe ndiye ulikuwa masikio yangu, si mashine. Sokoni ulisimama pembeni yangu ukarudia bei. Kanisani uliniandikia mahubiri kiganjani kwa kidole. Daktari alipoongea alikuangalia wewe. Baba yako alikuwa ameshakwenda, na nyumba ilikuwa wewe na mimi. Niliogopa. Sina neno lingine zuri la kuweka hapo.

Wiki moja kabla ya safari yako nilichukua mshumaa. Nikabandua kibandiko cha betri mpya, nikadondosha nta kwenye vile vitundu, nikaisawazisha kwa ukucha mpaka isionekane. Nikafanya hivyo kwa betri zote za pakiti ile. Nikaiweka moja kwenye mashine, nikakuita. Ikalia kidogo, ikafifia, ikazima. Nikaweka nyingine, ikazima. Nikakuambia, "Mwanangu, betri zote zimeharibika, na mjomba wako harudi kutoka Nairobi mpaka mwezi ujao." Unamkumbuka mjomba alivyokuwa anatuletea betri kwenye lori lake kupitia Holili. Nikakaa kitako kwenye kigoda nikajifunika uso. Kulia nililia kweli, hilo sikutanii. Lakini nililia nikiwa najua.

Wewe ulisimama mlangoni. Ukaja ukanishika bega, ukaongea polepole nikusome: "Mama, siendi. Nitasoma hapa hapa kwenye shule ya kata."

Na mimi, Aikande, nikatikisa kichwa. Ndiyo. Mara hii nilikuwa nimekuelewa vizuri sana.

Siku ile ulipokwenda kuchota maji niliikwangua nta yote, nikazitupa betri kwenye lile kopo la chai ili zionekane zimejifia. Zikaishia humo zenyewe. Kwa hiyo baadaye ulipozichukua ukazipasua kwa koleo hukukuta nta. Ulikuta zinki iliyogeuka unga mweupe, ukaniambia, "Mama, nitakutengenezea betri isiyoharibika."

Miaka minne ukasoma shule ya kata ambayo mwalimu wa kemia alikuja muhula mmoja akahamishwa. Nafasi yako kule bwenini akapewa mtoto mwingine. Ulikuwa unatembea kwenye tope la masika na viatu mkononi, unarudi unakaa jikoni na makopo yako. Ulipasua betri kuukuu za tochi ukatoa lile ganda la zinki. Ukachoma maganda ya kahawa mpaka yakawa mkaa, ukayasaga, ukayapaka kwenye kitambaa ili hewa ipitie. Maji ya chumvi hayakukuridhisha, ukachoma maganda ya ndizi, ukachuja majivu yake upate maji makali, ukaniunguzia na meza. Doa lile bado lipo, mkono wangu umelala juu yake sasa hivi.

Siku taa ile ndogo ilipowaka nilikuwa namenya ndizi. Taa ndogo kama punje ya mtama, nyekundu. Ukaizuia betri yako hewa kwa kiganja, taa ikafifia. Ukaondoa kiganja, ikarudi. Ukanifanyia hivyo mara tatu ukicheka, "Mama, ona, inapumua!" Mimi nikapiga makofi. Nilipiga makofi, nikatoka nje nikaenda nyuma ya nyumba, nikatapika. Wewe ulidhani ni moshi.

Ulivyofika chuo kikuu kutokea shule ile mimi sijui, ni kichwa chako kigumu. Sasa huko wanakuita ukafanye kazi na watu wanaotafuta jinsi betri ya zinki na hewa itakavyochajiwa tena na tena, badala ya kutupwa. Uliponieleza ugumu wake nilikuelewa: kwamba ukiichaji zinki inarudi vibaya, inaota miiba ndani mpaka inatoboa na kugusa upande wa pili, na kwamba vitundu vile vile vinavyoingiza hewa ndivyo vinavyoikausha. Kile kitambaa chako, kinachoachia hewa na kuzuia maji yasikauke, kimewafanya wazungu wakuandikie barua. Na wamesema wazi nafasi haitangoja mwaka mwingine. Sisi tunaokaa juu huku ambako umeme ukikatika tunakaa gizani siku tatu tunajua betri ya namna hiyo ingefanya nini. Zahanati ile tuliyokuzalia ilikuwa na taa ya chemli. Lakini sitaki kukutia utumwa wa kijiji sasa hivi. Nenda kwa sababu unataka. Nimekuona ukiongea habari zake, unasahau hata kula.

Najua utakachosema. Utasema, "Mama, bila ile nta nisingeanza haya yote. Mungu alipanga." Koma hapo hapo. Usinipambie dhambi yangu ikawa baraka. Ungekwenda bwenini ungefika mapema, bila tope, na mwalimu wa kemia. Ulichokifanya jikoni ni chako. Mimi nilichokifanya ni kukuziba. Kila mtu abaki na chake.

Na usije ukanishukuru hadharani kwamba mama yangu kiziwi ndiye aliyenipa moyo. Nimewahi kukuona unasema hivyo mbele ya watu, wakapiga makofi, nikatamani ardhi ipasuke.

Kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, ukishalipanga, utakuta jani la isale nimelifunga fundo. Unajua maana yake. Huku kwetu mtu akikukosea akakuletea isale kuomba msamaha, huna ruhusa ya kumkatalia. Watu watasema mzazi hampelekei mtoto isale, mzazi hata akikosea hamwombi mtoto msamaha. Waseme. Baba yako mkubwa akijua ataniitia kikao. Aite. Ila mimi naibadilisha desturi kidogo: nakuruhusu kukataa. Ukitaka kulitupa, litupe. Ukitaka kunichukia mwezi mzima, nichukie, una haki. Lakini kasirika ukiwa ndani ya ndege. Hasira za kukaa hapa kwenye kihamba ukinitazama kwa jicho la pembeni sizitaki, na huruma za kukaa hapa nazo sizitaki.

Kuhusu masikio yangu, sikiliza. Tangu barua yako ya Ujerumani ifike, nimekuwa nikienda mjini peke yangu. Hukujua. Ulidhani naenda kwenye jumuiya. Nashuka Boma, napanda gari jingine, nafika sokoni Moshi, nanunua vitu, narudi. Siku ya kwanza nilishushwa Shirimatunda kwa kuwa nilijibu ndiyo bila kuelewa nimeulizwa nini. Nikatembea, jua kali, nikajitukana njia nzima. Siku ya pili nilimwambia konda, kwa sauti, gari zima likasikia: "Mimi ni kiziwi. Niangalie usoni ukinisemesha." Aliniangalia. Akasema polepole, "Sawa, mama." Hivyo tu. Miaka thelathini nilikuwa naogopa maneno yale matatu, mimi ni kiziwi, na kumbe hakuna aliyekufa.

Mfongo ukipasuka nitauona, nina macho. Mtu akibisha hodi nisisikie, arudi kesho. Wakikaa kikao cha ukoo nitakaa mbele, na nisiposikia nitasimama niwazuie mpaka warudie. Mbege itachacha wakiningoja, shauri yao. Nitaharibu mambo, sikatai. Nitanunua kilo mbili nilipotaka moja. Hayo yatakuwa makosa yangu, na nayataka. Nimechoka kukosa kwa kupitia wewe.

Nakuogopea, usidhani sikuogopei. Nimekupenda kwa namna mbaya, mwanangu, namna ya kukumbatia mpaka mtu akose pumzi, na bado nikikaa hapa nikifikiria chumba chako kitupu nakosea herufi, utaona nilipofuta. Nitakulilia. Nitalia wiki nzima, na sitakuambia kwenye simu, na wewe usiniulize.

Gari la uwanja wa ndege linakuja saa mbili asubuhi. Barua hii utaikuta juu ya begi leo jioni, kwa hiyo una muda wa kupanga maneno, na nakufahamu, utayapanga. Utakuja kesho na uso ule wa jana uniambie umesamehe yote, kwamba mambo ya zamani yamepita, na kwamba pamoja na hayo umeamua kubaki mwaka mmoja tu, mpaka nizoee.

Jiandae tu kwa hili. Asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni na kitenge changu cha kanisani. Nitakukumbatia, nitakubariki, na kabla hujafungua mdomo nitavua mashine zote mbili niziweke mfukoni. Ukiniwahi ukaanza kuongea, nitafumba macho. Nitayafumba mpaka nihisi miguuni kwamba gari limeondoka.

Mama yako